Sauti ya Kufugishwa

Darasani niliwaambia wenzangu kwamba programu huria ni kama wali wa msibani: hata asiyemjua marehemu anapakuliwa. Mwalimu wa kompyuta akanitoa nje, ila alicheka kabla sijafika mlangoni.

Yeye ndiye aliyetuonyesha programu inayofundishwa kusoma Kisukuma kwa sauti. Mtu yeyote anaruhusiwa kuchangia. Mimi nilikuwa na mali kwenye simu: bibi yangu wa Lalago akitaja majina ya rangi za ng'ombe, akinicheka kila nilipoyarudia vibaya. Nilimrekodi kabla ya kiharusi. Sasa haongei kabisa, na majina mengine hata baba hayajui.

Nikaomba kuchangia. Wenye programu wakanieleza sharti kwa upole: kazi iwe yako, au mwenyewe awe ameridhia. Sauti hii ni ya nani?

"Ni yetu," nikajibu. Nyumbani ndivyo tunavyosema. Ng'ombe wetu, bibi yetu, hata kikohozi cha babu kilikuwa chetu.

Wakauliza tena: yenu, wewe na nani?

Swali hilo nikampelekea baba, aliyekuwa anachambua pamba uani.

"Ng'ombe wa kufugishwa unamjua?"

"Namjua. Maziwa nakunywa, ng'ombe si wangu."

"Unaweza kumpeleka mnadani?"

"Labda mwenyewe akisinzia."

Hakucheka. "Basi hiyo sauti umefugishwa tu. Kamuulize mwenyewe."

"Baba, atajibuje?"

Akarudi kwenye pamba yake.

Jumamosi nikaenda Lalago. "Mwangaluka, mayu," nikamwamkia bibi. Macho tu yakaitikia. Nikamweleza kila kitu: watu asiowajua wataisikia sauti yake, wataitumia watakavyo, na haitarudi zizini. Akikubali, anibane mkono. Nikabonyeza simu.

Chumba kikajaa bibi wa zamani, akitaja ng'ombe, akinicheka. Mkono wake usiopooza ukajitoa taratibu kwenye wangu, ukaifunika simu.

"Amekubali huyo," alisema shangazi, aliyekuwa anamlisha uji.

"Hajanibana."

"Basi amekataa."

"Shangazi, ni lipi sasa?"

"Mimi nijuaje? Sogea, uji unapoa."

Nikawaandikia wenye programu: mwenye sauti bado hajajibu. Wakajibu kwamba hakuna haraka, nafasi yake ipo.

Kwao labda hakuna haraka.