Kikojozi wa Ukoo Wetu

Mwanangu wa kike alipofika miaka tisa alitangaza kwamba hataki tena komunyo ya kwanza. Alisema ana dhambi nyingi mno. Mimi nilijua dhambi yenyewe ni moja, na nilikuwa naianika uani kila asubuhi: godoro. Watoto wa mafundisho walitakiwa kulala siku tatu misheni, kule juu mlimani, kwenye ukumbi mmoja, magodoro yamepangwa ubavu kwa ubavu. Yeye alikuwa bado anakojoa kitandani, na alikuwa radhi kulikosa gauni jeupe kuliko kuamka amelowa mbele ya wenzake.

Niseme ukweli, mimi ndiye niliyemfikisha hapo. Nina mdomo. Nilikuwa natoa godoro huku nakaripia kwa sauti ya kusikika mpaka gengeni, nikidhani aibu ni dawa. Nikamnyima maji tangu mchana. Mtoto akashinda midomo imemkauka, na asubuhi godoro likawa vilevile. Najuta hadi leo.

Mama yangu aliposikia akashuka kutoka milimani na kopo la rangi lililofunikwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na chura. Kwa watu wa rika lake, dawa ni kumfunga mtoto chura kiunoni wakati wa kulala. Akilowa, chura anaruka, mtoto anashtuka na harudii tena. Chura huyu hakusubiri jioni. Saa nane mchana aliruka akaingia kwenye kiatu cha mume wangu, na mume wangu akapanda juu ya kiti akisema anarudi kwao Gairo.

Mama alimtazama pale juu, akawa amepata chanzo cha ugonjwa. "Hii ni ya kwa baba yake," alisema. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, lakini mama yangu ana nyongeza yake: akifaulu mtihani ni wa kwetu, akikojoa kitandani ni wa Gairo.

Kituo cha afya tulikwenda watatu: mimi, mama na mtoto. Daktari, dada mdogo tu, alimwamkia mama, akapima mkojo wa mtoto, akauliza kama anapata choo kigumu. Kisha akatueleza kwamba mtoto hafanyi makusudi wala si mvivu. Anywe maji ya kutosha mchana, apunguze jioni, aende chooni kabla ya kulala, na asiadhibiwe. Hapo mimi nikaanza kusoma kalenda ya ukutani.

"Mara nyingi ni ya kurithi," akaongeza akinigeukia mimi. "Mama, wewe uliacha ukiwa na miaka mingapi?"

"Mimi sikuwahi," nilisema kwa kiburi. "Ila bati la kwetu lilikuwa linavuja juu ya kitanda changu, nikawa naamka nimelowa. Mjomba alipanda mara mbili kuliziba."

Daktari akaacha kuandika. "Lilikuwa linavuja hata kiangazi?"

Nikamgeukia mama. Alikuwa anafunga upya kilemba ambacho wala hakikuwa kimefunguka.

"Mama?"

"Sasa ningemwambia nini mjomba wako?" alisema. "Ulikuwa na miaka kumi na moja. Bati lilikuwa zima."

Maskini mjomba, kupigilia misumari bati zima kwa ajili ya heshima yangu! Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Mama yangu alinisitiri kwa uongo. Mimi wa kwangu nilimtangaza mtaa mzima. Mtoto akanishika mkono. "Kumbe na wewe, mama?" Sikuwa nimeuona uso wake umefurahi namna ile kwa miezi.

Daktari alishauri tumwambie mapema sista wa misheni, kwa faragha. Siku ya kwenda nilikuwa nimeandaa maneno ya kunong'ona, na nailoni ya kutandika juu ya godoro nimeikunja chini kabisa ya begi. Mtoto akanitangulia kwenye foleni.

"Tumsifu Yesu Kristo, sista. Mimi bado nakojoa kitandani. Mama naye alikuwa anakojoa mpaka miaka kumi na moja."

Foleni nzima ikageuka kunitazama, wakiwamo wanakwaya wenzangu wa sauti ya kwanza. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Milele amina," alijibu sista, akaandika.

Nyuma yetu nikasikia mtoto mwingine anamvuta mama yake kitenge. "Mama, mwambie na mimi."