Chupa za Binti Yangu na Tangi la Ploti

Asubuhi ile msimamizi wa ploti alizichukua chupa za binti yangu dirishani, akazimwaga mtaroni moja baada ya nyingine huku akiniangalia usoni. Alipofika ya mwisho akaitikisa kidogo.

"Daktari wa chupa! Leo umetuletea ugonjwa gani?"

Wapangaji waliokuwa wakingoja bafu wakacheka. Mimi nilikuwa nimembeba mtoto mgongoni, anaharisha, leso imelowa mpaka kiunoni. Uvumilivu uliniishia hapo. Niliokota chupa moja, nikaenda kwenye mfereji wetu, nikaufungulia maji, nikaijaza mbele yake, nikaifunga.

"Mwaga na hii," nikamwambia.

Akatabasamu. Hakuigusa.

Yote yalianza na kazi ya shule. Mwalimu wa binti yangu aliwaambia watafute chupa zinazoonyesha ndani, wajaze maji ya mahali mbalimbali, waziache bila kuzitikisa mpaka kesho yake, kisha wachore walichokiona. Hata mwalimu nilimshuku. Nilidhani anakusanya chupa za kuuzia asali. Lakini wakati huo nilikuwa nashuku kila mtu. Mtoto wangu mdogo alikuwa anaharisha, anapona, anaharisha tena, na kule kliniki nesi aliniuliza, "Mama, maji unachemsha?" kwa sauti ya mtu ambaye jibu ameshajipa. Nachemsha. Makaa yananiishia nikichemsha. Nikamshuku msichana aliyekuwa akinishikia mtoto. Nikashuku maziwa. Nikamshuku binti yangu mwenyewe, labda anamnywesha mdogo wake maji ya ndoo yasiyochemshwa nikigeuka.

Tulijaza chupa tatu: maji ya bomba la msikiti, maji ya mfereji wetu, na maji yetu yaliyochemshwa. Binti alikuwa na mbili tu. Ya tatu niliiomba kwa jirani yangu, mama wa Kiborana anayeuza maziwa ya ngamia barabarani. Nikaiosha kwa sabuni na mchanga mpaka nikaona imetakata.

Kulipokucha, ya msikitini ilikuwa safi. Ya mfereji wetu ilikuwa na tope chini, la rangi mbili. Lakini iliyonitoa roho ni ile ya maji ya kuchemsha. Vipande vyeusi vinaelea, na harufu ya kitu kilichoungua. Nikasema ndiyo hii sasa. Kuna mtu anatia kitu kwenye sufuria yangu. Nikambebea msimamizi ile chupa mpaka mlangoni kwake, kwa sauti ambayo ploti nzima ilitoka kusikiliza.

"Sema mnatuwekea nini!"

Jirani yangu akaichukua, akanusa, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta.

"Wallahi, mama, hii moshi ni yangu! Chupa ya maziwa mimi nafukiza na kijinga cha moto, maziwa isiharibike. Wewe umeosha, lakini masizi ya ndani haitoki na mchanga. Watoto wangu wamekunywa hiyo moshi tangu wazaliwe, mbona hawajakufa?"

Mimi nimetoka Meru. Kwetu chupa ikinuka moshi imeungua. Nani angeniambia kwamba hapa mtu huitia moshi kwa makusudi, tena kwa ajili ya usafi?

Msimamizi alicheka kuliko wote. Jina la daktari wa chupa lilitoka hapo, na tangu siku ile, nikifungua mdomo kuhusu maji, ananiuliza kama nimenusa vizuri. Lakini nililala na jambo moja kichwani. Ile chupa ya pili, yenye tope, iliyokuwa dirishani siku hiyo hiyo, hakuna aliyeiulizia. Msimamizi alipita mbele yake akaangalia pembeni. Mtu asiye na kosa angeinama aone.

Nikamwambia binti arudie. Safari hii chupa zote zilikuwa za soda, nikazitia alama ya rangi ya kucha ili zisibadilishwe. Asubuhi akaja kunivuta mkono.

"Mama, ndege anaingiaje kwenye mfereji?"

Ndani ya chupa ya mfereji kulikuwa na unyoya mdogo, na juu ya tope vijidudu vinajipinda. Tangi letu, linaloleta maji kwenye mfereji, limewekwa juu ya nguzo, huwezi kuona sehemu ya juu ukiwa chini. Nikasimama uani nikiliangalia, kisha macho yakashuka yenyewe hadi kwa mbuzi wa msimamizi. Walikuwa wanakunywa maji kwenye kitu cheusi cha duara, chenye mikunjo ya kufungia pembeni. Kila siku nilikiruka nikienda kuanika nguo.

"Hiyo iko hapo tangu mvua iishe," jirani akasema. Sasa hakuwa anacheka.

Nilimwomba msimamizi akirudishe kifuniko juu ya tangi. Akasema, "Nitaangalia." Alichoangalia ni dirisha langu, na kesho yake akazimwaga chupa.

Kwa hiyo niliondoka na ile niliyoijaza mbele yake, mtoto mgongoni, mpaka ofisi ya afya. Afisa alitaka kuniandikia malalamiko ili nisichoke. Nikakataa. Sijui anakula miraa na nani jioni. Form four nilimaliza, kuandika najua. Niliandika hivi:

"Mimi ni mpangaji wa Bulla Pesa. Nalalamika kwamba tangi la maji ya ploti yetu halina kifuniko. Kifuniko msimamizi amewapa mbuzi wake kunywea. Ndege wanaingia ndani ya tangi na wadudu wamezaana humo. Ya kunywa nachemsha, lakini vyombo na nguo za mtoto naosha kwa maji hayo hayo, naye kila kitu anatia mdomoni. Nataka afisa aje apande ngazi yeye mwenyewe, asitume mtu, na asimwambie msimamizi siku atakayokuja. Nataka tangi lisafishwe sisi wapangaji tukiona. Nimeleta chupa moja. Naomba ibaki juu ya meza hii mpaka kesho na mtu yeyote asiitikise."