Wimbo wa Kukunjia Shuka

Saa moja asubuhi, mashine zote za udobi wa hospitali zimeshawashwa, na humu ndani hakuna anayemwita mwenzake kwa jina. Ukimtaka mtu unamgusa bega. Akiwa mbali unapunga foronya mpaka akuone. Kupiga kelele ni kujichosha bure.

Mwanamke mfupi, mwenye mikono iliyojaa nguvu, amesimama mbele ya pasi ya roli ndefu kama kitanda. Anailisha shuka lenye unyevu. Linaingia limekunjamana, linatoka upande wa pili limenyooka, linafuka mvuke. Masikioni amevaa vizibo vya rangi ya manjano.

Wafanyakazi wote wa hospitali, kuanzia walinzi hadi wakuu wa idara, wanamwita Mama Pasi. Leo ni siku yake ya mwisho kwenye pasi hii, na ni yeye mwenyewe aliyeomba kuondoka. Kwa miezi mitatu kabla ya hapo alikuwa amegoma katakata. Daktari alimsihi, msimamizi alimsihi, binti yake alilia, naye akabaki palepale kama aliyepigiwa misumari.

Kilichombadilisha ni tamasha la muziki wa hevi metali.

“Usicheke,” anasema wakati wa chai, akiwa amekaa kwenye benchi uani. “Au cheka kwanza umalize, halafu nikueleze.”

Mambo yalianza zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na wa kulaumiwa ni fundi wa boila. Bwana huyu mrefu, mkimya, mwenye kofia isiyovuliwa, alinunua redio kubwa ya kaseti kwa mtu na kuja nayo kazini ili kuwachangamsha wenzake. Akajaribu kwaya, haikusikika. Akajaribu dansi, likamezwa na mashine. Taarifa ya habari ndiyo kabisa, mtangazaji alionekana kama anafungua mdomo tu.

Ndani ya redio hiyo, mtu aliyeiuza alikuwa amesahau kaseti moja, yenye picha ya kengele iliyopasuka kwenye lebo. Siku fundi alipoibonyeza, gitaa la kwanza lilipasua chumba kizima.

“Mimi nilijua boila limelipuka,” anakumbuka fundi. “Nilikimbia kwenda kuangalia presha. Narudi, nawakuta hawa akina mama wanatikisa vichwa.”

Tangu hapo hawakusikiliza kingine. Redio ikafungwa kwa waya kwenye bomba ili isitembee, na haijatoka humo hadi leo. Maneno ya nyimbo hawayaelewi, kwa hiyo kila wimbo waliupa jina lao. Kuna Wimbo wa Boila, kuna Wimbo wa Msimamizi Anakuja, na kuna ule wanaoupenda kuliko yote, Wimbo wa Shuka.

Sababu ya jina hilo ni ya kikazi. Wimbo huo unanguruma, halafu katikati unanyamaza kabisa, halafu magitaa yanarudi kwa kishindo. Ukimya huo unatosha kukunja shuka moja kubwa, watu wawili, kona kwa kona. Mama Pasi hushika upande mmoja, na upande wa pili hushikwa na mwenzake wa mashine za kufulia, mwanamke mwembamba mwenye maneno mengi, anayeitwa Sabuni. Magitaa yakirudi shuka halijafika kwenye rundo, mmeshindwa.

“Mimi na yeye hatujashindwa hata siku moja,” anasema Sabuni.

“Tulishindwa mara moja,” Mama Pasi anamsahihisha.

“Ile haihesabiki, dada. Ulipiga chafya.”

Wanazungumza hivyo uani tu. Ndani, mazungumzo yao ni ya mikono. Kusugua kidole gumba na cha shahada ni sabuni imekwisha. Kupigapiga goti kwa kiganja ni miguu inauma. Mikono miwili kupishanishwa juu ya kichwa ni amri ambayo hakuna anayeijadili: zima mashine, kuna hatari. Ukiiona, unazima kwanza, unauliza baadaye.

Vizibo vya masikio waliletewa zamani sana. Vilikaa kwenye droo, kwa sababu ukivivaa husikii redio. Mama Pasi anakiri hilo bila kuzunguka.

“Hakuna aliyenizuia kuvivaa. Nilipenda raha zangu.”

Raha hizo zilimtoza sikio la kushoto. Binti yake, mwalimu wa chekechea, ndiye aliyegundua. “Nikimsemesha upande wa kushoto, naongea na ukuta,” anasema. “Mara namuuliza atakula nini, ananijibu kwamba jirani hajambo.” Daktari wa masikio alimpima, akamwambia ukweli: la kushoto limekwenda na halitarudi, la kulia linafuata nyuma asipotoka kwenye zile kelele. Msimamizi akampa nafasi katika chumba cha cherehani, kushona vifungo na kurekebisha gauni za wagonjwa, mshahara uleule.

Akakataa. Aliogopa ukimya kuliko alivyoogopa uziwi.

“Kule kila mtu ameinamia sindano yake,” anasema. “Mimi maisha yangu yako hapa. Sabuni na fundi walinibebea jeneza la mume wangu. Walinisindikiza binti yangu alipojifungua. Sasa niwaache kwa sababu ya sikio?”

Ndipo fundi wa boila akaja asubuhi moja amepoteza ukimya wake wote. Ukutani, karibu na kituo cha basi, kulikuwa kumebandikwa tangazo lenye kengele iliyopasuka. Wazee, kama udobi ulivyowaita wanamuziki wa kaseti ile, walikuwa wanakuja! Walikuwa kwenye ziara ya kuaga, wakipita miji yote kabla ya kutundika magitaa.

Tiketi ilikula mshahara wa wiki nzima kwa kila mmoja. Mama Pasi hakusita. Alikuwa na jambo moja moyoni, na alilisema hata kwa daktari: alitaka kuwasikia Wazee mara moja tu bila mashine, kabla sikio lililobaki halijamwacha.

“Nilimwambia aende,” anasema daktari huyo, akicheka. “Lakini asimame mbali na spika, na vizibo visitoke masikioni. Aliniapia.”

Tamasha lilikuwa uwanjani, mchana wa Jumamosi. Wazee siku hizi nao wanalala mapema. Vijana walifurika na jaketi za ngozi nyeusi, minyororo na michoro mikononi. Mama Pasi alivaa sketi yake ya misiba, kwa kuwa ndiyo nguo nyeusi pekee aliyonayo. Sabuni alivaa buti za mpira za kazini, akasifiwa na watu watatu kabla ya kufika getini. Fundi alikuja na kofia yake.

Watu walishangaa kumwona mama wa makamo yake pale, lakini walimchukua kama wao. Jamaa mmoja wa miraba minne, ndevu zimefika kifuani, aliwasukuma watu kwa viwiko akisema, “Mpisheni mama aone! Mama, sogea hapa.”

Wazee wakapanda jukwaani. Wanne, mvi tupu, mwimbaji akitembea kwa kuchechemea. Kisha gitaa likalia.

Hapo watu wote uwanjani wakawa mabubu. Kila mmoja alimpigia mwenzake kelele sikioni na bado hakusikika. Marafiki watatu wa udobini peke yao waliendelea kupiga soga kana kwamba wako nyumbani. Sabuni alipiga goti: miguu inauma. Fundi akajibu kwa mkono: vumilia. Sabuni akamwonyesha Mama Pasi mpiga ngoma, akasugua kidole gumba na cha shahada: huyu anahitaji sabuni. Wakacheka mpaka jamaa wa ndevu akataka kujua kuna nini.

Halafu ukaja Wimbo wa Shuka.

Mama Pasi aliujua kwa pigo la kwanza, akashika mkono wa Sabuni. Wimbo ukanguruma, ukapanda, ukafika pale katikati, ukanyamaza kama siku zote. Sabuni, kwa mazoea tu, akanyoosha mikono na kuanza kukunja shuka la hewa, akisubiri mwenzake ashike upande wake.

Mwenzake hakushika. Alikuwa anatazama jukwaani. Mwimbaji mzee alikuwa amesimama peke yake kwenye mwanga, macho amefumba, na midomo yake ilikuwa inatembea.

“Nikasema, mbona anaimba?” anasimulia Mama Pasi. “Hapa si pa kuimba. Hapa ni kimya. Nimekunja mashuka hapa maisha yangu yote, na ni kimya.”

Akasahau kiapo. Akavitoa vizibo vyote viwili.

Haikuwa kimya hata kidogo. Palikuwa na gitaa moja, dogo, likidonolewa taratibu, na sauti ya mzee huyo ikiimba chini kabisa, kama mtu anayembembeleza mtoto mgonjwa. Ilikuwepo kwenye kaseti tangu siku ya kwanza. Mashine zilikuwa zikiifunika. Umeme ukikatika mashine zinazima, lakini na redio inazima, kwa hiyo hawakuwahi kuisikia.

Mama Pasi alisimama machozi yakimtiririka. Hakuelewa neno hata moja, na anasema hakuhitaji kuelewa.

Sabuni naye alikuwa amefika kona ya mwisho ya shuka lake la hewa. Mikono yake ilijua, kabla ya kichwa, kwamba magitaa yanarudi sasa hivi. Akageuka kumtafuta mwenzake, akaona vizibo viko kiganjani na masikio yako wazi. Kuita kusingesaidia, alikuwa upande wa kushoto. Akafanya alichofundishwa na kazi: akaruka mbele yake na kupishanisha mikono juu ya kichwa. Zima mashine! Fundi alipoona, akapishanisha yake. Alikuwa na mikono mirefu kama nguzo.

Jamaa wa ndevu alidhani ndivyo wimbo huu unavyoshangiliwa na wanaoujua. Akapishanisha yake. Waliokuwa nyuma wakaiga, na wa nyuma yao pia, mpaka upande mzima wa uwanja ukawa umeinua mikono iliyopishana. Mwimbaji akafumbua macho. Akaona. Akatabasamu, naye akapishanisha mikono yake juu ya kichwa.

“Mimi nikiona ile ishara, nazima,” anasema Mama Pasi. “Sasa naiona kwa Sabuni, naiona kwa fundi, naiona kwa watu ambao sijawahi kuwafulia hata leso. Na mzee mwenyewe kule juu ananiambia zima! Nitabisha na nani?”

Akavisukuma vizibo masikioni. Magitaa yakarudi.

Tamasha likaisha. Kwenye kituo cha basi akawashika wenzake mikono, akawaambia kwamba Jumatatu atakwenda kwa msimamizi kuikubali ile nafasi. Sabuni alilia kwa sauti, akamwita msaliti, kisha akamkumbatia na kugoma kumwachia hadi basi la pili lilipopita.

Wiki moja baada ya siku ile ya mwisho kwenye pasi, Mama Pasi yuko chumba cha cherehani. Dirisha kubwa, meza tatu, vifungo ndani ya kopo. Juu ya kabati ipo redio ndogo ya kaseti aliyotafutiwa na fundi, maana ile kubwa haifunguki tena kutoka kwenye bomba. Kaseti amenakiliwa. Anaicheza chini, kwa kiasi ambacho daktari amemruhusu, na wenzake wawili wa mezani, waliokuwa na hofu mwanzoni, sasa wanaulizia Wimbo wa Boila.

Mpango wake ni kuzipitia nyimbo zote upya, mmoja mmoja. Anataka kujua ni nini kingine alichofichwa na mashine. Tayari amegundua kwamba katika Wimbo wa Msimamizi Anakuja kuna mtu anapiga mluzi. Anataka pia udobi wote wavae vizibo, na ameanza na Sabuni, ambaye amevivaa kwa masharti: kila siku wakati wa chai asimuliwe kilichogunduliwa.

Saa nne kasoro, mlango unafunguka. Sabuni anasimama kizingitini na aproni yake iliyolowa. Kwa mazoea anainua mkono, anapiga goti, anageuza vidole kama mtu anayeshika kikombe.

Mama Pasi anapunguza redio, anamgeuzia sikio la kulia.

“Sema kwa mdomo, dada,” anamwambia. “Huku nakusikia.”