Beseni la Padri Mlangoni

Jana mtu alinipita barabarani akinuka kafuri, nikajikuta niko tena nyuma ya mlango wa nyumba yetu, kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi.

Homa ikiingia nyumbani, nkambo, mama wa baba yangu, aliweka beseni la maji nje ya mlango. Lilikuwa la padri aliyewabatiza wazazi wake kule kaskazini, kabla mji wetu haujajengwa. Padri huyo alizunguka nyumba kwa nyumba na fimbo na kafuri yake, akiwaosha wagonjwa wa ndui, mpaka ndui ikamuua yeye mwenyewe.

"Iko napita mpaka leo," nkambo alisema juu ya padri huyo. "Akiuliza, mumuambie kweli."

Mchana ule mdogo wangu alikuwa na surua. Nkambo alikuwa kanisani. Mama alikwenda sokoni, na kwa kuwaogopa wauguzi wa kambi waliowachukua watoto wagonjwa kuwatenga hospitalini, aliniachia agizo: "Muntu akiuliza, sema hakuna mugonjwa."

Nami nilikuwa mtoto wa kutii.

Fimbo iligonga mara tatu. Harufu ya kafuri ikapenya chini ya mlango.

"Mna mgonjwa humu ndani?" Ilikuwa sauti ya mzee, ya upole, na Kiswahili chake hakikuwa cha kwetu.

"Hakuna mugonjwa."

"Ahsante, mwanangu," na fimbo ikaenda kugonga kwa jirani, ambako mtoto wao alilala na surua ileile; nikasikia mlango wao ukifunguliwa.

Nilipofungua, vumbi halikuwa na unyayo hata mmoja. Maji ya beseni yalikuwa bado yanatikisika.

Mdogo wangu tulimzika wiki ile. Yule mtoto wa jirani sasa ana wajukuu.