Nilizika damu ya mpwa wangu kwenye barafu kama sangara

Wakuu, heshima zenu. Wadogo, marahaba.

Ninachoandika sijakipamba. Ningejua kupamba ningeanza na sebule yangu, ambayo mnajua siitoki.

Miaka ya tisini, Mwanza. Ruksa ya biashara huria imeingia, viwanda vya minofu ya samaki vinafunguliwa ufukweni, kila mtu anahangaika. Mimi nimemaliza form four na kazi yangu ni kulinda kochi la mama pale Ilemela.

Halikuibiwa hata siku moja.

Dada yangu Minza alikuwa ameolewa Misungwi. Akaja na binti yake Kabula, miaka sita, shavu limevimba. Kijijini walishamng'oa meno mawili wakidhani ni jino. Uvimbe ukazidi.

Hospitalini tukampata daktari mtafiti wa saratani za damu, Mhaya mmoja mpole. Akasema inaweza kuwa mojawapo ya saratani mbili, na dawa zake hazifanani. Lazima chembe za uboho, ule ute wa ndani ya mfupa, zikuzwe maabara Dar ndipo ajue amtibu kwa ipi.

Dada akauliza kama hakuna njia nyingine.

"Kuna nchi wanachukua uboho wa ndugu wanampandikiza mgonjwa, kama unavyohamisha miche. Huku kwetu bado, mama. Ndiyo ninayoihangaikia."

Kabula akachomwa sindano ya nyonga. Alilia mpaka sauti ikakauka.

Vichupa vikawekwa kwenye boksi la baridi, nikakabidhiwa mimi kwa sababu kwetu ni jirani na uwanja wa ndege. Na kwa sababu kochi lingeweza kujilinda saa mbili.

"Usilifungue," Daktari akasema.

Ndege haikuja. Wakasema kesho.

Sasa wakuu, mimi nilishafanya kazi kiwanda cha samaki. Wiki tatu, nikaacha, miguu ilikuwa inapata baridi. Pale tulifundishwa kwamba mzigo ukichelewa unaongeza barafu, unanyunyiza chumvi ishike baridi zaidi.

Nikafungua. Nikavizika vichupa kama sangara wa kwenda Ulaya. Nikajisifu mpaka kwa mama.

Siku chache baadaye Daktari akaniita. Hakupandisha sauti.

"Umezigandisha chembe. Zimepasuka zote."

"Lakini Daktari, hazikuoza!"

"Samaki unamhifadhi ameshakufa, kijana. Mimi nilikupa vitu hai."

Wiki mbili baada ya sindano ya kwanza, Kabula akachomwa tena. Safari hii mimi ndiye niliyemshika miguu. Akanitazama.

"Mjomba, si walishachukua?"

Nikaendelea kumshika miguu.

Boksi la pili lilifika salama. Dawa ikajulikana, ikaanza, na shavu likanywea. Akarudia utundu wake, akawa ananiita Mjomba Kochi mbele ya wageni. Nilijifanya kukasirika ili aendelee.

Kisha ugonjwa ukarudi. Kabula akafariki kabla ya mvua za vuli.

Nilimuuliza Daktari kama zile wiki mbili nilizopoteza ndizo zilizomuua. Akasema labda hazikubadilisha kitu.

Hiyo "labda" naishi nayo.

Matanga yalipokwisha, Daktari alikuja Misungwi. Dada alikuwa uani anapepeta mchele. Daktari akamwambia kwamba chembe za lile boksi la pili bado zinaishi maabara, zinaongezeka, na akaomba ruhusa aendelee kuzitafiti.

Dada hakuinua macho. "Ni za mwanangu au za ugonjwa?"

"Za ugonjwa, mama."

Ungo ukasimama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Basi zisikae bure," Dada akasema. "Ziulizeni mpaka ziseme."

Akaendelea kupepeta.

Kuanzia hapo nikawa mbeba boksi wa Daktari miaka kadhaa, bila kuombwa mara ya pili. Ndege ikichelewa nililala nalo uwanjani. Kochi la mama lilinisahau. Kifuniko sikukigusa tena.

Nilichojifunza ni hiki: ukiambiwa usifungue, na unaona sababu ya kufungua, rudi ukaulize. Utaonekana mjinga. Mimi nilionekana mwerevu siku moja, na mtoto akachomwa mara mbili.

Kama na wewe uliwahi kumsaidia mgonjwa ukamwongezea maumivu, andika hapa chini. Sitakucheka.

Nipo sebuleni, siendi popote.