Dakika Arobaini za Mwalimu Nicanor

Mwalimu Nicanor alikuwa mtu wa historia hata kwenye mchezo. Mwaka 1999, chuo kimoja cha kompyuta mjini Homa Bay kilipounganishwa kwa simu na kingine cha Migori, vijana walianza kupigana kwa ndege za mchezo wa kompyuta, huyu akiwa hapa na yule kule, kila mmoja akimwona mwenzake kwenye kioo chake. Nicanor akajifanya mkuu wa vita hivyo. Sheria yake ilikuwa moja: hakuna kutokea angani ghafla kama pepo. Utaruka kutoka uwanjani, utachunga mafuta, utamfikia adui baada ya dakika arobaini, maana ndivyo ilivyokuwa kwenye vita vya kweli.

"Mwalimu, sisi tunataka kupiga risasi, si kuhesabu mawingu," alilalamika Bichage, rubani wao hodari. Nicanor alimwita mvivu mbele ya wenzake. Walimchosha, vijana hawa wasio na subira.

Ukweli ni kwamba hakuwa akiwafikiria vijana. Baba yake, Mzee Nicodemus, alipelekwa vitani Burma katika Vita Vikuu vya Pili, akawa mpakiaji wa risasi kwenye ndege. Aliziona ndege hizo zikiondoka, nyingine hazikurudi, na kwa miaka hamsini na mitano hakujua zilikutana na nini huko juu. Sasa alibaki na jicho moja, nalo lilikuwa linafifia. Nicanor aliapa kumwonyesha mambo yote yalivyokuwa. Na kwa vile chuo cha Migori kilikuwa kinafungwa kabisa wiki hiyo, ilikuwa ni Ijumaa ile au basi.

Mzee akaja na kofia yake, akakalishwa mbele ya kioo. Simu nayo ikaleta nyodo: inashika Migori, inakatika, inashika, inakatika, huku Nicanor akiisonya. Ilitulia saa kumi na mbili kasorobo jioni.

"Mwalimu, tuanzie huko juu tu," Bichage alimsihi. "Time imeenda."

"Burma hawakuanzia juu. Ruka."

Bichage akaruka. Milima, mawingu, milima tena. Mzee alikaza jicho lake kwenye kioo. Dakika ya thelathini na nane, kidoti cheusi kikatokea mbali: ndege ya Migori. Bichage akatupa macho dirishani, kwenye jua lililokuwa linazama, akaondoa mikono kwenye kompyuta.

"Sabato imeingia, Mwalimu."

Nicanor alitamani kujipiga kofi. Alilelewa Msabato, lakini tangu amwoe Phelesia na kumfuata kwenye Ukatoliki, alikuwa ameacha kabisa kuchunga jua la Ijumaa, ambalo likizama Sabato huanza.

"Dakika mbili tu, Bichage."

"Siwezi."

Nicanor akakaa kurusha ndege mwenyewe, lakini baba yake alikuwa ameshasimama, anapapasa kofia yake mezani.

"Baba, tafadhali, kaa. Ndio wanafika."

"Hapana, nyathina, mwanangu. Sabato ni Sabato." Mzee akavaa kofia. "Hiyo safari naijua. Nilizisindikiza ndege kwa macho kila asubuhi. Ni vita tu sikuona. Si ungeanzia hapo?"

Nicanor aliinuka kitini. Alimshika mkono, wakaanza kushuka ngazi polepole, na nyuma yao risasi zikaanza kulia kwenye kompyuta.