Kirusi Changu

Mwalimu aliyesimamia utafiti wangu alifunga mlango kabla ya kusema lolote, nikajua mambo yameharibika. Ufadhili wangu haukuongezwa. Ile nafasi ya kufundisha historia ya Urusi na Asia ya Kati, niliyokuwa nikiitegemea, chuo kilikuwa kimeifuta.

"Wanafunzi wamepungua," alisema. "Hata mimi sijui kama mwakani nitakuwepo."

Nikapanda basi hadi mtaa wa Small Heath, kwa shangazi yangu aliyenipokea nilipokuja ughaibuni kutoka Unguja. Nilimkuta jikoni akikanda unga wa chapati. Nilipomweleza, mikono yake ilisimama.

"Kwani hao Warusi wenyewe hawana kazi ya kukupa, mwanangu?"

Vyuo vyote vilivyotangaza nafasi nilishaviomba, na vyote vilikuwa vimenikataa.

Asubuhi nilipiga simu kwenye ofisi iliyokuwa ikitafuta wakalimani wa hospitalini. Mwanamke aliyepokea aliniuliza najua lugha gani. Nikamwambia Kirusi, kisha haraka haraka nikaongeza Kiuzbeki.

"Na nyingine?"

"Kiswahili. Ndiyo lugha yangu ya nyumbani."

"Kesho unaweza kuanza?"

Nilikubali. Kisha nikajifungia bafuni, nikafungulia maji ili nisisikike, nikalia kama niliyefiwa. Shangazi akagonga mlango.

"Vipi, umepata?"

"Nimepata," nikamjibu.

Akapiga vigelegele pale pale mlangoni, nami nikazidi kuyafungulia maji.